Harufu ya Piridini

Dada yangu mpenzi,

Sisi wazima, mvua tu ndiyo inatutesa. Bado niko maabara, natumia piridini, kimiminika kinachosaidia kemikali nyingine kuungana tunapotafuta dawa mpya. Kinanuka kama samaki aliyeoza. Juzi chupa yake ilipasuka, wenzangu wakakimbilia nje. Mkuu wetu akanipigia kelele, "Wewe, husikii hiyo harufu?"

Sikuwa nasikia chochote. Daktari anasema pua imekufa, huenda isipone.

Jana nilipokea blauzi ya marehemu mama. Ahsante kwa kutoifua. Nilijifunika nayo usoni nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Hakuna kitu, dada. Mume wangu akainusa, akasema taratibu, "Inanukia mama kabisa."

Nilimwonea wivu mpaka nikamnyang'anya.

Ni mimi,
kitindamimba wenu