Msomaji Mwema Hurudisha Kitabu

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya baraza la mji imefika saa nne, muhuri wake mkubwa kama kisosi cha chai. Nimeisoma nimesimama. Wanataka kuitoa maktaba idara ya elimu na kuipeleka idara ya bustani na burudani! Tukae pamoja na mabembea na bwawa la kuogelea. Kamati inapiga kura tarehe 31. Tukihamishwa, ukumbi wa kusomea unageuzwa ukumbi wa sherehe, na darasa letu la watu wazima "litatafutiwa mahali pengine panapofaa". Wapi? Chini ya bembea?

Miaka thelathini na moja nimo humu. Nilianza kwa kugonga mihuri. Bosi wangu wa kwanza aliniambia kazi yetu ni kulinda vitabu visiibwe, basi. Tangu nimekuwa mkuu, huu mwaka wa kumi na tisa, wimbo wangu ni mmoja: maktaba ni shule isiyo na kengele. Nimeuimba gereji, nimeuimba sokoni, nimeuimba kwenye mikutano ya wazazi. Harusini kwa mpwa wangu walininyang'anya maikrofoni. Na leo — mabembea.

Mume wangu kasema nile kwanza, hasira haishibishi. Nimekula. Hasira ipo pale pale.

Jumanne, 4 Machi

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni karani pale barazani. Kapita mchana, na kama kawaida yake hakuanza na salamu. Eti mwakani nitakuwa nakata tiketi za bembea, nimkumbuke kwa kiti cha mbele. Nimemwambia nitamsukuma mwenyewe, tena kwa nguvu. Tukacheka. Halafu akawa mtu mzima.

Kumbe mwenyekiti wa kamati si mtu mbaya, ni mtu wa takwimu. Kachukua ripoti yetu — niliyoisaini mimi, kwa mkono wangu huu — na humo imeandikwa kwamba vitabu vinavyosomwa ndani ya ukumbi ni kumi na viwili kwa siku. Kumi na viwili! Viti themanini! Mwenyekiti kawaambia wenzake hiyo si shule, hicho ni kivuli cha watu waliochoka jua.

Nimechomoa nakala yetu kabatini, nimeitazama sahihi yangu. Wifi kasema angekuwa na kamera angenipiga picha.

Alhamisi, 6 Machi

Leo sikukaa ofisini. Nimekaa ukumbini tangu tulipofungua, nikajifanya nasoma gazeti.

Tunavyohesabu ni hivi: kitabu kinachoazimwa kinagongwa muhuri. Kinachosomwa humu humu kinaachwa mezani, jioni tunakihesabu, ndipo tunakirudisha rafuni. Kisichokuwa mezani hakikusomwa. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha wengine.

Basi nimekaa. Fundi bomba kaja na ovaroli lake, kasoma kitabu cha pampu saa nzima, kanakili mchoro. Mshonaji wa pale kona, yule mama wa darasa letu, kachukua vitatu. Mzee wa Magazeti, mstaafu anayeingia wa kwanza na kutoka wa mwisho, kamaliza magazeti akahamia kwenye historia. Watu hawakukauka mpaka jioni. Na kila mmoja, akimaliza, anainuka, anakwenda rafuni, anakichomeka kitabu pale pale alipokitoa, anakinyoosha kikae sawa na wenzake. Nidhamu ya kijeshi! Jioni mezani: vitabu kumi na kimoja.

Nikainua macho. Juu ya rafu, herufi za buluu, mwandiko wangu mwenyewe: MSOMAJI MWEMA HURUDISHA KITABU ALIPOKITOA.

Nilikitundika kibao hicho wiki ya kwanza ya ukuu wangu. Nilikuwa nachukia meza chafu. Miaka kumi na tisa nawafundisha watu wafute ushahidi kwamba wamesoma! Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Nimemwita Bwana Orodha. Ndiye mworodheshaji wetu, kila kitabu humu kimepita mikononi mwake, na ndiye anayefundisha lile darasa. Kavua miwani, kaifuta, kasema taratibu: alidhani najua. Nikamuuliza, najua nini, jamani? Kwamba wanarudisha wenyewe. Tena yeye anafurahi, maana wanapanga vizuri kuliko wafanyakazi. Nimecheka mpaka machozi. Sina hakika yote yalikuwa ya kicheko.

Ijumaa, 7 Machi

Kibao kimeshuka. Kipya kimepanda: TAFADHALI ACHENI VITABU MEZANI. Mume wangu ndiye aliyepanda ngazi, na akiwa huko juu kauliza kama nyumbani nako ruhusa imetoka, aache vyombo mezani. Nimemwambia athubutu.

Jumatatu, 10 Machi

Kumi na viwili.

Nimewasihi mmoja mmoja. Wananiitikia, ndiyo mama, hakuna shida mama — kisha wanakwenda kuvirudisha. Mzee wa Magazeti ndiye kanimaliza. Kasema zamani nilimfundisha adabu, uzeeni huku namfundisha uhuni? Nimemweleza kila kitu, barua, kura, mabembea. Katikisa kichwa kwa huzuni kubwa, kasema ni jambo zito, atalifikiria. Kisha karudisha kitabu mbele ya macho yangu! Samaki nilimkunja angali mbichi, sasa kakauka na mkunjo wake.

Siku ishirini na moja zimebaki.

Jumatano, 12 Machi

Nimeingia darasani leo, nikakaa kwenye benchi na wenzangu kumi na sita. Walipomaliza imla nikawaomba tena, nusu nalia. Kisha mshonaji akanyoosha kidole kama mwanafunzi mzuri.

Kasema: kabla hajajua hata a, alikuwa anakuja humu kutazama picha za mishono. Jina la kitabu hajui. Alichojua ni mahali: rafu ya tatu, cha saba kutoka dirishani. Alikuwa anahesabu kwa kidole. Siku akikuta cha saba sicho chenyewe, anarudi nyumbani mikono mitupu, maana kumuuliza mtu anaona haya. Ndiyo maana anarudisha, mama. Pengine kuna mwingine anahesabu.

Nilishindwa kumtazama usoni. Mimi nilidhani ni adabu tu. Kumbe ni huruma.

Basi, sitamwomba tena mtu yeyote aache kitabu mezani. Nimewaambia hivyo, na kibao kipya nimekishusha. Lakini tutahesabu vipi? Fundi bomba, naye mwanadarasa, kasema mita, kama ya maji, kila rafu na yake. Bwana Orodha kasema vikaratasi ndani ya vitabu, kisha kajikatalia mwenyewe, vikaratasi vinaharibu mgongo. Mshonaji kafungua mkoba wake, kamimina mezani vipande vya vitambaa, mabaki ya mashono, vidogo kama stempu. Kila anayerudisha kitabu atupe kimoja kapuni. Kwisha!

Wanadarasa wakampigia makofi. Na mimi, niliyesomea ukutubi miaka mitatu, nikapiga kuliko wote.

Jumatatu, 17 Machi

Mia mbili na kumi na nne, kwa siku moja!

Bwana Orodha kahesabu mara tatu, akasema kuna mkono wa mtu. Tukachunguza. Mzee wa Magazeti anatupa kitambaa kimoja kwa kila ukurasa wa gazeti! Kajitetea kwamba kurasa za siasa ni nzito, zina haki ya viwili. Nimemshukuru kwa moyo wake na nimemnyang'anya vitambaa. Tumepunguza vyake, na kimoja cha mume wangu, aliyekuja kuniletea chakula akatupa "kwa mapenzi". Vimebaki mia moja na themanini na saba. Hivyo ni vya kweli, naweza kuviapia.

Nimerudi nyumbani naimba. Majirani wamezoea.

Alhamisi, 20 Machi

Wifi kapeleka hesabu. Jibu limerudi leo leo. Mwenyekiti kauliza: kutoka kumi na viwili hadi karibu mia mbili, ndani ya wiki mbili, baada ya barua yetu? Hata kuku hatagi hivyo. Wajumbe wawili walicheka. Neno "kupika" lilitajwa, na wifi kasema halikuwa la jikoni.

Sasa nifanyeje? Kuna njia moja tu: kusema ukweli wa kibao. Niandike kwamba mkuu wa maktaba, mwenye nishani ya utumishi ukutani, amekosea kuhesabu kwa miaka kumi na tisa kwa sababu alipenda meza safi. Nimeandika barua nne. Ya kwanza ilimlaumu bosi wangu wa zamani. Ya pili ililaumu utaratibu. Ya tatu ilikuwa na maneno makubwa hata mimi sikuielewa. Ya nne ina mistari sita na "nilikosea" mara mbili.

Nimempa mume wangu zote. Kazisoma polepole, kidole kwenye mstari. Kasema nipeleke inayouma.

Nimeipeleka. Inauma!

Ijumaa, 28 Machi

Wiki nzima kimya, nimekonda mashavu. Leo mwenyekiti kajibu, mstari mmoja: kamati itafanya kikao chake cha tarehe 31 humo humo ukumbini, saa nne asubuhi, na kura itapigwa hapo.

Nikaruka! Kisha nikakaa. Jumatatu saa nne ndiyo saa ya darasa, ukumbi huo huo.

Wifi kasema niliahirishe, nisitafute balaa, wakubwa hawapendi kubanana. Bwana Orodha kakubali haraka mno — anaogopa wakubwa kuliko moto. Nikaenda kwa mshonaji kumwomba awaambie wenzake waje mchana. Hakuacha hata kukanyaga cherehani. Kaniuliza: yaani tuahirishe shule, ili wao wapate nafasi ya kuamua kama ni shule?

Nimemwambia waje.

Jumatatu, 31 Machi

Naandika nikiwa ukumbini, meza ya nyuma kabisa. Sina ruhusa ya kusema kikaoni, na nisipoandika nitasema.

Wajumbe saba wamefika, na wifi na daftari lake la karani, na afisa wa bustani na burudani, kijana mtanashati mwenye ramani ya ukumbi wa sherehe. Wameketi meza za upande wa dirisha. Saa nne kamili darasa nalo likaingia, wote kumi na sita, shikamooni waheshimiwa, wakakaa. Ubao uko upande huo huo wa dirisha, basi wamechanganyika. Fundi bomba kaketi karibu na afisa wa bustani, ovaroli na suti.

Bwana Orodha kaanza kufundisha kwa sauti ya mbu. Sasa inasikika. Mwenyekiti anasoma barua yangu, ile ya mistari sita. Kainua macho mara moja kutazama ukuta ule wa kibao. Uso wake hauniambii kitu. Moyo wangu unagonga mihuri.

Nne na nusu. Mtu mwingine kaingia, kasoma, karudisha, katupa kitambaa. Wajumbe wote wamegeuza shingo.

Nne na dakika arobaini. Bwana Orodha kamwita mshonaji ubaoni atoe hesabu yake mwenyewe. Kaandika: magauni kumi na manne, kila moja mita tatu na robo. Kitambaa kiasi gani? Mwenyekiti katazama saa, kasimama, kasema waheshimiwa, muda umefika, tupige kura.

Mshonaji hakugeuka. Chaki mkononi, kasema kwa upole: samahani, mheshimiwa, tumalize hii kwanza.

Yesu na Maria! Bwana Orodha kafumba macho. Wifi kashika kichwa.

Mwenyekiti kautazama ubao. Kisha kasema samahani, mwalimu — kamwita mwalimu! — akaketi.

Wanasubiri. Wajumbe saba, mikono juu ya meza, wanatazama ubaoni. Mmoja kaomba penseli. Afisa wa bustani anakokotoa nyuma ya ramani yake ya ukumbi wa sherehe, ulimi nje kidogo. Kutoka hapa naona: kapata arobaini na mbili. Kasahau robo.

Fundi bomba kaisogelea karatasi. Anamwonyesha kwa kidole, taratibu.