Risasi Ulizozijaza Wakati wa Baridi

Baba Tumaini, mume wangu,

Huku mtaani Soweto, nyanda za juu, baridi imeshika. Maji ya bomba yanauma vidole, nami nakuona umeketi mezani jikoni, koti begani, ukijaza baruti kwenye maganda ya risasi. Hukutaka mtu apite karibu akiwa na moto. Nilikuuliza kwa nini unazidisha baruti kupita kawaida.

"Mama Tumaini, baruti nayo inasikia baridi," ulisema. "Ikipoa inaungua kivivu, risasi inashuka kabla ya kufika. Ila hizi zisiende kwenye joto. Joto linaitia hasira."

Zilibaki mpaka msimu wa joto, kaka yako alipopiga simu kutoka Ubaruku. Nyati alikuwa ameua mama mmoja shambani, askari wa wanyamapori wako mbali, watu wanaogopa kuingia majarubani kwenye mpunga. Hukuwa na risasi nyingine. Nilikusihi usiende.

"Nitazifunika kwa kitambaa kibichi," ulijibu, ukatabasamu ili nisilie.

Yaliyofuata nilisimuliwa na kaka yako. Kule bondeni jua lilikuwa kali, kitambaa kilikauka njiani. Risasi ya kwanza ilipita juu ya mgongo wa nyati. Ulipofungua bunduki, ganda liling'ang'ania, ukalitoa kwa nguvu. Ukamwambia, "Shemeji yako alinikataza. Nguvu imezidi. Waondoe watu." Lakini nyati alikuwa ameshawageukia wanawake waliokuwa wakikimbia kwenye tope. Ukapiga tena. Nyati akaanguka, na bunduki ikapasuka usoni mwako. Ulikata roho kabla gari halijafika lami.

Tulikuzika kwenu Iringa. Wanawake wale walikuja, wakaimba mpaka sauti zikakauka. Wanakuita mkombozi wao. Kaka yako huleta mchele kila baada ya mavuno, anakunywa chai amesimama, anaondoka. Sina kinyongo naye. Kinyongo changu ni kwako, na nikikiangalia vizuri nakuta ni mapenzi yaliyokosa pa kwenda.

Mwezi uliopita Tumaini aliniuliza, "Mama, baba alijua itapasuka?"

Nikamwambia alijua.

"Sasa sisi hakutukumbuka?"

Nilimvuta kifuani. Tangu hapo kila jioni ananiangalia kama anayengoja jibu.

Pumzika, baba.

Ni mimi mkeo,
Mama Tumaini