Shimo la Kando ya Minyaa

Mjukuu na mume wangu Rajabu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Handeni tupo, ila mahindi yamekauka kabla ya kubeba, na mama yako bado anakohoa.

Unasema kompyuta yako inatafuta mahali pa chini kabisa pa hesabu, yaani jibu dogo kuliko yote, ndani ya mipaka uliyoiwekea, na kila mara jibu linaganda mpakani. Umeniuliza kwa utani kama mashine ni mjinga. Sikucheka.

Nilipokuwa msichana, mwaka wa ukame, baba alitafuta pa kuchimba kisima. Maji hukaa bondeni, kwa hiyo aliteremka na shamba letu mpaka ua wa minyaa ukamzuia. Ng'ambo ya ua ardhi iliendelea kushuka, lakini ilikuwa ya baba mdogo, na walikuwa hawasemeshani.

"Chimbeni hapa," baba akasema. "Hapa ndipo chini kabisa."

Na kweli, katika shamba letu hapakuwa na pa chini zaidi. Tulipata tope, halafu vumbi. Mengine siyaandiki. Mdogo wangu Zaina hakuiona mvua ya vuli.

Tulipotoka kumzika, baba mdogo alichukua panga, akaufyeka ua mwenyewe, utomvu ukimchuruzika mikononi.

"Kaka," akasema, "si ungeomba tu?"

Maji yalipatikana ng'ambo, karibu kabisa na shimo letu.

Mashine yako si mjinga, Rajabu. Imeteremka mpaka kwenye minyaa uliyoipanda wewe.

Bibi yako,
Mwanahamisi