Programu ya Mama kwenye Mashine Mpya

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimepewa programu ya Mama! Mkuu amekuja mezani kwangu asubuhi, hata koti hajavua. Amesema mashine kuukuu itazimwa Ijumaa. Feni yake inakohoa, vipuri havipatikani tena. Kwa hiyo ile programu ya malango ya bwawa ihamie mashine mpya. Ikishindikana, malango yatafunguliwa kwa kukisia, na mvua ziko njiani. Watu wa bondeni wasisikie hayo!

Mama aliiandika kabla sijaanza shule. Kila saa inasoma kina cha maji bwawani, kisha inasema malango yafunguliwe kiasi gani. Imeandikwa kwa Fortran, lugha ya kompyuta za enzi zake. Alipostaafu niliingia mimi, ofisi ileile, dirisha lilelile linalotazama matangi.

Kwa maneno kazi ni ndogo. Unaipitisha kwenye kompaila mpya — hiyo inayogeuza maandishi ya programu yawe amri za mashine — basi. Nimebonyeza. Makosa yakaporomoka kwenye skrini mpaka Kipepeo akaacha chai yake akaja kutazama. (Kipepeo ni jirani yangu wa meza. Hatulii kwenye kiti, ndiyo maana.)

Kumbe Mama alikuwa akijiandikia mambo yake katikati ya programu, kila mstari ukianza na herufi C. Kompaila ya zamani ilijua mistari hiyo ni ya binadamu, ikaipita. Hii mpya haijui. Imejaribu kuitekeleza yote! Imelalamika haielewi USIGUSE HAPA. Imelalamika haielewi MTOTO ANA HOMA NITAENDELEA KESHO.

Kipepeo amecheka hadi machozi. Eti mashine imeshindwa kutekeleza homa.

Mtoto ni mimi. Nimeutazama mstari ule muda mrefu, ofisi ikawa mbali, sauti za watu zikawa kama zinatoka chini ya maji. Nimehisi kiganja cha Mama kwenye paji la uso.

Nyumbani sanduku lake liko wazi kitandani. Jumamosi anahamia kwa Kaka. Kaka alimwomba kwa simu, mara moja, waziwazi: Mama, njoo ukae na sisi. Akasema sawa. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Sikusema kitu. Niseme nini — si anajua?

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeiambia kompaila kwamba haya ni maandishi ya mtindo wa zamani. Swichi moja tu! Makosa karibu yote yameyeyuka. Yamebaki maonyo, na maonyo si kukataa. Inapitisha huku inanung'unika, kama shangazi aliyepewa kiti cha nyuma.

Mchana nimesoma programu polepole, bila haraka yoyote, kama mtu anayetembea kwenye nyumba aliyoishi utotoni. Imegawanywa vipande vidogo, kila kimoja na kazi yake. Mimi naviita vyumba. Chumba cha kusoma kina. Chumba cha kupima maji yanapanda kwa kasi gani. Chumba cha malango. Mashine inaingia chumba kimoja, inafanya kazi, inatoka, inaingia kingine. Saa ijayo inarudi tena. Mkono wa Mama uko kila mahali: nadhifu, mkavu, haurudii neno.

Mkuu amepita, ameuliza kama tumemaliza. Nimesema karibu. Amesema karibu yangu anaijua.

Jioni Mama alikuwa anakunja nguo. Akauliza, inapumua? Nikasema inapumua. Akauliza kama nimegusa pale pa kutogusa. Nikasema nimeogopa. Akacheka kile kicheko chake cha puani.

Sasa yuko upande wa pili wa ukuta, anatafuta stesheni kwenye redio. Haipati. Hajali, anaimba mwenyewe. Nimeegemeza kichwa ukutani niusikie ukuta ukitetema.

Sitaki aende. Nimeandika hapa, yametosha.

Jumatano, 8 Oktoba

Balaa!

Nimeijaribu kwa mvua za mwaka jana. Mashine kuukuu inasema fungua malango theluthi. Mpya, programu ileile, mvua ileile, inasema fungua yote. Yote! Kwenye karatasi nimeshafurikisha bonde zima, na nyumba, na shule, na kuku.

Halafu maajabu. Nikaongeza mstari mmoja wa kuonyesha namba kwenye skrini, nione inakosea wapi. Ikapata! Theluthi. Nikautoa mstari. Mafuriko. Nikaurudisha. Theluthi. Ni kama mtoto mtundu: nikimtazama ana adabu, nikigeuza kisogo anaharibu. Kipepeo amesema niuache huo mstari, niende nikale. Mkuu amesikia, akaona ni wazo zuri. Nimewakata jicho wote wawili. Kitu kinachofanya kazi bila sababu kinaweza kuacha bila sababu, siku mvua inanyesha kwelikweli.

Kaka amepiga simu jioni kuhusu gari la Jumamosi. Kisha akauliza, dada, chumba cha Mama utakifanyia nini? Nikasema sijui, labda niweke meza ya kazi.

Kwa nini nilisema vile? Nilitaka tu amalize kuuliza. Kugeuka, Mama yuko mlangoni ana mto mikononi. Akasema meza itakaa vizuri dirishani, kuna mwanga. Akaenda zake.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimesinzia mezani baada ya chakula. Nimeota niko ndani ya programu. Kweli ni nyumba. Korido ndefu, mwanga wa asubuhi, milango iko wazi. Nimeingia chumba cha kupima kasi. Juu ya meza nimeweka kikombe, nikatoka. Niliporudi kikombe hakipo. Meza haipo. Mtu mpole sana, simjui, anafagia. Ananiuliza: kwani ulisema utarudi?

Nikaamka shavu limechorwa kibodi. Na nikajua!

Chumba kile kinalinganisha kina cha saa hii na kina cha saa iliyopita. Kina cha saa iliyopita kimeachwa mlemle chumbani. Mashine kuukuu haikuwa na tabia ya kuhamisha kitu, kwa hiyo ikirudi inakikuta. Mashine mpya ukitoka tu inavipa vyumba vingine nafasi ile. Ukirudi unakuta takataka, au sifuri. Na ukidhani saa iliyopita bwawa lilikuwa tupu, utaona maji yamepanda ghafla, utafungua kila lango. Mstari wangu wa skrini ulikuwa umezuia ufagio kwa bahati tu.

Jioni nilitandaza karatasi za programu juu ya meza ya jikoni. Mama akaacha sanduku, akavaa miwani. Alisoma akifuata kwa ukucha, midomo inacheza. Uso ukawa kijana! Alipofika chumba kile akasimama.

“Aa. Hapa pana kosa langu.”

“La mashine, Mama.”

“Langu. Kuna neno la kuandika, SAVE. Unaiambia kitu hiki kaa nacho, nitakirudia. Mwongozo ulisema tuandike. Ofisi nzima karibu hakuna aliyeandika.”

“Kwa nini?”

“Mashine yetu ilikuwa inakaa nacho hata usiposema! Tuliona ni kujisumbua bure, kama kumwambia mtu apumue. Mtu akiandika tulikuwa tunamcheka, eti haiamini mashine.” Akavua miwani, akaifuta kwa kanga. “Tulidhani itakuwa hivyo siku zote.”

Nikamwambia kompaila mpya ina swichi ya kuilazimisha ikae na kila kitu, kama zamani, bila kugusa maandishi. Akakataa. Swichi anaijua aliyepo leo. Wewe ukiondoka, atakayekuja atajuaje? Andika mlemle, kila mahali panapohitajika, aone hata mjinga.

Maji ya chai yakachemka yakakauka sufuria ikaanza kunuka, hakuna aliyeinuka. Nilikuwa na maneno mdomoni kabisa. Akasema, haya, nikamalizie sweta zangu, kwa kaka yako kuna baridi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeandika SAVE chumba kwa chumba. Si kila chumba kinahitaji. Ilibidi niingie kila kimoja, niulize: hapa kuna kitu ulichoacha ukitegemea kukikuta? Nilifika pale pa USIGUSE HAPA. Nimegusa. Chini yake nimeongeza mstari wangu, na herufi C mbele: NIMEGUSA MAMA NISAMEHE. Mashine haitausoma.

Mchana tumewasha zote mbili pamoja, kuukuu na mpya, mvua za mwaka jana zikapita ndani yake saa kwa saa. Sijawahi kuona kitu kizuri kama namba zile mbili zikitembea bega kwa bega. Theluthi, theluthi. Robo, robo. Usiku wote wa gharika ulipita pale mezani, na jua la mchana limetuwakia mgongoni. Kipepeo alikaa kimya, na alikaa! Nimeutoa mstari wa skrini. Bado zimelingana. Nikataka kulia, nikasingizia vumbi.

Mkuu amenipa mkono. Kisha akaizima kuukuu mwenyewe. Feni ilizunguka, ikazunguka, ikachelewa kusimama. Halafu kukawa na kimya ambacho sikuwahi kujua hakikuwepo. Fundi wa umeme alivua kofia, mzaha wake, lakini hakuna aliyecheka.

Nimerudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyejaa maji. Kitanda cha Mama kimevuliwa shuka. Redio iko ndani ya boksi. Nimemwambia zimelingana, akanishika kidevu kama nilipokuwa mdogo. Akasema nimechoka, nilale. Ndiyo, nimechoka. Lakini si nilikuwa na la kusema?

Jumamosi, 11 Oktoba

Asubuhi. Naandika jikoni kwa sababu mikono haijui pa kukaa. Kaka yuko nje anapanga mizigo kwenye gari. Amepiga honi mara moja, ya kuchokoza. Mama anazunguka vyumbani kuangalia madirisha. Madirisha yamefungwa tangu jana.

Nawaza vile wanavyoishi wengine. Kaka anasema kitu kikiwa bado cha moto mdomoni. Mama na mimi tumekaa nyumba hii miaka yote bila kusema, chai inamiminwa, mto unawekwa, redio inapunguzwa sauti mwenzio akilala. Nilidhani inajulikana.

Amekuja. Ameketi mbele yangu na koti lake. Naendelea kuandika, anadhani ni kazi.

Ameuliza kama programu imeamka salama. Nimesema imeamka, nimepiga simu ofisini, malango yako robo. Ameuliza kama nimeandika lile neno kila mahali. Kila mahali, Mama.

“Hukuacha hata mahali pamoja?”

Nimesema sikuacha. Ametikisa kichwa taratibu, anatazama sufuria niliyoiunguza juzi. Honi tena. Sauti ya Kaka: Mama, jua linapanda!

Hakuinuka. Ameinama anafungua kamba za viatu. Eti vinambana. Havimbani. Nilivinunua mwenyewe, na amezunguka navyo humu ndani wiki nzima. Anafungua kamba moja, polepole, kana kwamba ina fundo. Haina fundo. Sasa anafungua ya pili, na ananitazama mimi, si kiatu.

Kaka anakuja, nasikia hatua zake barazani.

Naweka kalamu chini. Nimwambie kwa mdomo: Mama, sitaki uende.