Boneti la Kunyanyua na Mama Mkwe

Jumamosi, Morotonga. Mvua imegoma tena, upepo wa vumbi tangu asubuhi. Nimekaa ndani ya gari uani kwangu mwenyewe kama mgeni, kwa sababu sebuleni yuko mama mkwe na sina uso wa kuingia.

Nianze na boneti. Nilipoamua kulipunguzia gari langu uzito, fundi wa Tarime alinipa machaguo mawili: boneti la faiba lenye bawaba, linalofunguka kama la kawaida, au la kunyanyua lote, linaloshikwa na pini nne tu. Hilo la pili ni jepesi zaidi, na ukilitoa injini yote inabaki wazi, turbo inaonekana kama iko dukani. Fundi aliuliza jambo moja: nikiwa njiani peke yangu, nani atashika upande wa pili? Nikamjibu kwa maringo kwamba watu hawakosekani.

Leo mtu hakukosekana.

Mke wangu amejifungua mtoto wetu wa kwanza, nikaenda Nyamongo kumchukua mama yake aje amtunze. Kwetu Wakurya, mkwe na mama mkwe hawasogeleani wala hawatazamani usoni. Shemeji yangu mdogo ndiye angekuwa katikati yetu, akaamka na homa. Basi mama akakaa kiti cha nyuma, kitenge hadi kwenye paji la uso, na akitaka kuniambia kitu anampigia binti yake. Anamwambia amwambie mkwe apunguze mwendo. Simu inakatwa, yangu inaita, mke wangu ananiambia nipunguze mwendo.

Sikupunguza. Niliongeza, ili asikie ekzosi inavyonguruma. Mjinga mimi.

Upande wa Ringwani mshale wa joto ukapanda, mvuke ukaanza kutoka mbele. Nikasimama, nikachomoa pini, nikanyanyua peke yangu. Upepo ukalipindua boneti, kona ikanigonga kidevu. Nikajaribu tena, likaanza kupasuka pembeni. Mtandao hakuna, bodaboda hakuna, hata mchunga mbuzi hakuna.

Mlango wa nyuma ukafunguka.

Mama mkwe akaja, akashika upande wa pili, uso ameugeuzia porini. Ndipo akasema maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia bila kupitia kwa mtu.

"Nyanyua, baba. Mtoto wangu ananisubiri."

Tukalibeba hadi kwenye nyasi. Upepo nao ukataka kulipeperusha, ikabidi alikalie. Mama mzima, na kitenge kipya cha kwenda kumwona mjukuu, ameketi juu ya boneti langu kando ya barabara, huku mimi nasubiri injini ipoe nikaze mpira wa maji uliofyatuka. Maji yake ya kunywa ndiyo yaliyoingia kwenye rejeta. Wakapita watu wawili kwa miguu, wakampa shikamoo, kisha wakanigeukia mimi na kunitazama toka juu hadi chini. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tulipofika hakulalamika. Alioga, akampakata mjukuu, nikaanza kujidanganya kwamba yamekwisha.

Jioni hii mke wangu amekuja hapa dirishani, anatembea polepole, mtoto kifuani. Ametumwa.

"Mama anauliza, likichemsha siku uko na mimi tu, nimembeba mtoto, hilo boneti utalishika na nani?"

Akageuka, akarudi ndani.

Nimeona aibu nyingi maishani, ila hii imezidi zote. Wenzangu wa magari wakisikia nimerudi kwenye bawaba watanicheka, na hadi jioni hii bado nilikuwa nawaza watasema nini. Mke wangu hata hajamaliza juma tangu ajifungue.

Mila inanikataza kumtazama mama mkwe usoni. Leo ndiyo mara ya kwanza naishukuru.

Boneti la zamani lipo, nililifunikia banda la kuku, na bawaba zake bado zimo. Kesho alfajiri nalitoa, kuku watafute paa jingine. Ni bati zito kweli. Nitalibeba peke yangu.