Shahada Mbili, Sabuni Moja

Jumatatu, 3 Machi
Kwanini kaajiriwa kwetu! Yule yule niliyesoma naye kemia chuoni. Tulimbandika jina hilo kwa sababu hakuna mhadhara uliokwisha bila yeye kuuliza "kwa nini?" Mimi nilitoka na daraja la kwanza. Yeye alipenya tu — tena mazoezi alinakili kwangu, mchana kweupe. Leo meneja anamtembeza kiwandani: mkemia wetu mpya. Kanikumbatia mbele ya watu. Nikacheka, meno yote nje. Ndani — moto.

Jumatano, 5 Machi
Kiti chake hakijapata hata joto. Anashinda chini kwenye mitambo, buti miguuni, nywele zimejaa unga wa sabuni, anamhoji fundi wa kuchanganya. Mimi niko maabara. Napima, najaza fomu, nagonga mhuri. Miaka sita hiyo. Sijui fundi ana watoto wangapi. Yeye keshajua — wanne, wawili mapacha!

Jumatatu, 10 Machi
Zile sabuni zilizokuwa zinapasuka tangu mwaka jana hazipasuki tena. Eti fundi alimwambia zinazopasuka ni za rafu ya karibu na mlango wa nyuma, kwenye upepo. Kwanini akakumbuka somo la mwaka wa pili: nje inapoa upesi, ndani bado moto, kipande lazima kipasuke. Akahamisha rafu. Basi! Kuhamisha rafu tu!

Somo lile nilipata A. Nilimfundisha mimi, tumekaa kwenye ngazi za bweni, yeye anapiga miayo.

Meneja mkutanoni: hii ndiyo maana ya kusoma. Watu makofi. Na mimi nikapiga — kuliko wote.

Nyumbani nikamsimulia mume wangu. Akauliza, bila ubaya wowote, kwani mimi sikuwahi kuwauliza wale mafundi? Nimemnunia. Chakula kajipakulia mwenyewe.

Jumatano, 12 Machi
Mkuu wa maabara anastaafu. Kiti kile nimekikodolea macho miaka yote! Leo meneja kampa Kwanini sabuni mpya ya mafuta ya mawese aitengeneze. Ikifaulu, kila mtu anajua kiti ni cha nani. Mama kapiga simu, anataka kujua kama cheo kimepanda. Nikasema mtandao unakatika. Nikakata mimi.

Alhamisi, 13 Machi
Kwanini kaacha karatasi yake ya vipimo mezani kwangu, kaenda kula. Sikupekua! Ilikuwa wazi. Mawese kilo mia, magadi makali kilo kumi na nane.

Kumi na nane! Hiyo ni ya mafuta ya nazi. Mawese yanataka kumi na nne. Kasoma mstari usio wake kwenye jedwali. Sabuni hiyo itababua ngozi.

Moyo ulinienda mbio — kwa furaha. Naandika ukweli, hakuna wa kusoma hapa. Furaha. Itakuja maabara kupimwa, nitaikamata mimi, meneja akiwa amesimama pale pale. Karatasi nikairudisha kama nilivyoikuta. Aliporudi nikamuuliza chakula kilikuwaje.

Ijumaa, 14 Machi, saa nne kasorobo
Wanachanganya saa nne. Nimepita chini nikamwona fundi anaandaa pipa. Mikono mitupu, bila glavu. Huwa anaifinya sabuni kwa vidole ikiwa bado laini, kujua kama imeshika. Miaka ishirini anafanya hivyo. Hilo nilikuwa silijui — nimelijua leo kwa sababu nimeuliza.

Nimerudi mezani. Kwanini kaja mbio na karatasi. "Mwenzangu, hebu nipigie hesabu hii. Wewe ndiye uliyenifundisha, mimi najiamini nusu nusu. Ukisema sawa, tunamimina."

Nikasema ngoja.

Nimeipiga mara tatu. Kumi na nne. Kumi na nne. Kumi na nne na kidogo. Nikimwambia, sabuni inatoka safi na kiti ni chake. Atashukuru pia, namjua — atanitaja mkutanoni, kwa sauti, na hilo ndilo litaniua.

Bado amesimama mlangoni. Chini fundi anaita, anauliza wamwage au wasubiri. Kwanini anaangalia kalamu yangu inavyokwenda. Anadhani napiga hesabu.