Mawe ya Wayahudi Katika Udongo wa Mpui

Mdogo wangu mpendwa,

Tangu tukuzike, sijapata mtu wa kuzungumza naye kuhusu kazi yako. Hapa Mpui wote walijua kwamba ulisoma Ulaya. Kwamba ulisomea sanaa ya Wayahudi, wakati ambapo wasomi wachache waliijali, nilijua mimi peke yangu, tena kwa juu juu.

Unakumbuka likizo ile uliyorudi na sanduku la picha, tukakaa uani tukipukuchua mahindi? Ulinionyesha picha moja moja, ukinikataza kuzishika kwa mikono yenye vumbi. Zote zilikuwa za mawe ya makaburi ya zamani ya Wayahudi. Mikono miwili iliyoinuliwa, ulinieleza, ni alama ya ukoo wa makuhani. Jagi ni la Walawi. Mti uliokatwa ni mtu aliyekufa kijana. Nikakuuliza kama Mungu hakuwakataza kuchonga sanamu. Ulicheka, ukanionyesha picha ya jiwe lenye simba.

"Kaka, hata walimu wangu walisema watu hawa hawana sanaa. Basi simba huyu kachongwa na nani?"

Ulizeeka ukiliuliza swali hilo.

Siku ya kuondoa matanga tuligawana vitu vyako. Koti lilipata mtu, redio ikapata mtu, kisha likafunguliwa sanduku. Binamu yetu wa Ilemba akapaza sauti: "Jamani, mtu anapanda ndege kwenda kupiga picha makaburi! Si angekuja kwetu? Yapo tele, tena bure!"

Watu waliangua kicheko. Shangazi hakucheka. Alisema picha za wafu haziwezi kulala nyumba moja na watoto. Wengine walitaka zichomwe, akakataa.

"Msiwachome wafu wa watu. Nao wana ndugu zao. Wazikwe kando ya mwenyewe."

Nilieleza kwa Kiswahili, nikaeleza kwa Kifipa, kwamba mengi ya mawe yale yalikwisha kung'olewa na kujengewa barabara, na kwamba kilichobaki ni picha zako tu.

"Kumbe hawana kaburi," alisema. "Basi tunawapa."

Niliomba angalau zifungwe kwa nailoni.

"Mwanangu, tangu lini maiti akafungwa nailoni?"

Maisha yangu yote nimewasahihisha watu, lakini katika maneno yake sikuona pa kusahihisha. Zikaviringwa katika shuka lako, zikafukiwa ubavuni pako.

Leo mvua za kwanza zimeanza, na mvua ya Ufipa unaijua. Nikizifukua picha, nitakuwa nimefukua kaburi mbele ya ukoo mzima. Nikiziacha, hazitamaliza wiki. Asubuhi nilimpigia Shangazi simu nikamsihi upya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole.

"Tulia, baba. Wamekwisha kulala."

Nimeketi barazani sasa. Sijui nikuage peke yako au niwaage nyote pamoja. Naitazama tu mvua inavyowanyeshea.

Kaka yako